Ardhi Isiyo na Majina: Uwanda wa Dodoma na Ramani za Michezo ya Kujenga Miji

Katika michezo ya kompyuta ya kujenga miji, kazi ya kwanza ya mchezaji si kujenga. Ni kuchagua ardhi. Kabla barabara haijachorwa wala kiwanja hakijapimwa, hutandazwa mbele yake ramani yenye vilima, mabonde, misitu na maji, naye hufahamishwa kwa namna moja au nyingine kwamba yote hayo ni yake. Ardhi hiyo haina mtu. Haina njia ya mguu, kaburi, kisima wala zizi la ng'ombe. Wala haina jina.

Wanaisimu wa Kiswahili, ambao aghalabu huyachukulia mambo ya kompyuta kuwa ni suala la istilahi tu, yaani kukitafutia kila kifaa neno lake, wameliacha jambo hili likapita. Makala haya yanadai kwamba halistahili kuachwa. Sura ya nchi si umbo la ardhi peke yake bali ni umbo pamoja na majina yake, na mchoraji anayevitenga viwili hivyo hupoteza maarifa ambayo umbo pekee haliwezi kuyarudisha. Ushahidi wa dai hili uko katika uwanda wa kati wa Tanzania, na hasa Dodoma, kwa sababu huo ni mji ambao sehemu yake kubwa ilichorwa kwanza mezani, ikajengwa baadaye, karibu kama miji ya michezo yenyewe.

Yafaa kuanza na chimbuko la michezo hiyo. Mmarekani Will Wright, alipokuwa akitayarisha mchezo wa vita uitwao Raid on Bungeling Bay, uliotoka mwaka 1984, alitengeneza programu ya kuchorea visiwa ambavyo helikopta ya mchezaji ingevipiga mabomu. Akagundua kwamba kuvichora visiwa kulimfurahisha kuliko kuvibomoa. Kutokana na programu hiyo, na kutokana na nadharia za Jay Forrester juu ya mienendo ya miji zilizochapishwa mwaka 1969, ukazaliwa mchezo wa SimCity mwaka 1989. Kwa hiyo ramani iliutangulia mji, na ramani yenyewe ilikuwa ya shabaha: ardhi iliyotazamwa kutoka angani na mtu asiyekusudia kushuka. Mtazamo huo wa kutoka juu haujaiacha michezo ya aina hii tangu wakati huo.

Katika SimCity ya kwanza ardhi ilikuwa bapa, imegawanywa katika miraba 120 kwa 100, na kila mraba usiojengwa ulikuwa ama nchi kavu, ama miti, ama maji. Mchezo wa SimCity 2000, uliotoka mwaka 1993, uliongeza miinuko, na kabla ya kuanza mchezaji aliweza kuzidisha au kupunguza vilima, maji na miti kama mpishi aongezavyo chumvi. Cities: Skylines, uliotengenezwa na kampuni ya Colossal Order ya Ufini na kutolewa mwaka 2015, ulikwenda mbali zaidi: maji hutiririka kwa kufuata mteremko, na mtu yeyote mwenye subira aweza kuingiza ndani yake sura ya nchi ya mahali halisi duniani.

Katika michezo hii jina la mahali huja mwisho kabisa. Mchezaji wa Cities: Skylines anapolipaka rangi eneo fulani ili liwe mtaa, programu hulipa jina la kubahatisha kutoka katika orodha iliyohifadhiwa, barabara nazo hubatizwa vivyo hivyo. Akitaka hulibadilisha. Likibadilishwa, hakuna chochote kinachobadilika katika mwenendo wa mji. Hapa jina la mahali limekuwa kibandiko kitupu, na mtu aliyesoma falsafa ya lugha atautambua upesi mzizi wa fikra hiyo. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alishikilia kwamba nomino ya pekee hurejelea kitu bila kueleza sifa zake, na mfano wake ulikuwa wa mahali: mji wa Dartmouth ungeendelea kuitwa hivyo hata kama mdomo wa mto Dart ungezibwa na mchanga au mto wenyewe ungebadili njia. Kimantiki hoja hiyo ni vigumu kuipinga. Hata hivyo Mill alikuwa akimzungumzia msemaji ambaye tayari anajua mji uko wapi. Hakumzungumzia mgeni anayetaka kujua mahali pa kujenga nyumba.

Masimulizi yanayojulikana sana hulinasibisha jina la Dodoma na neno la Kigogo Idodomya, yaani mahali palipozama, kwa sababu inasemekana kwamba tembo aliyekwenda kunywa maji katika kijito cha Kikuyu alididimia matopeni asiweze kujinasua. Mwanahistoria ana haki ya kumtilia shaka tembo huyo. Mwanaisimu hamhitaji. Kinachotosha kwake ni kwamba jamii iliyoishi hapo, katika nchi yenye miamba, mibuyu na miiba ya kutosha kuzaa majina mia, ilichagua kupakumbuka mahali hapo kwa tabia ya udongo wake pindi unapolowa. Jina hilo ni taarifa ya uhandisi. Linaeleza kwamba ardhi hiyo, ambayo kwa miezi mingi ya mwaka ni ngumu na yenye vumbi, ina siku ambazo haibebi mzigo. Waliofika na reli mwaka 1910 walikuta maarifa hayo yamekwisha kutungwa. Maandishi yakalikata jina mwanzo na mwisho, yakabakiza sehemu ya katikati ambayo leo watu wengi hawaihusishi na kitu chochote.

Sasa na achukuliwe mwanafunzi wa Dodoma atakaye kuuingiza mji wake katika mchezo wa Cities: Skylines, kama vijana wa nchi nyingi walivyofanya kwa miji yao. Mchezo humdai picha ya rangi ya kijivu yenye pikseli 1,081 kila upande, ambamo weupe ni mwinuko na weusi ni bonde. Kila pikseli huwakilisha mita 16 za ardhi, hata ramani nzima ikawa na upande wa kilomita 17 na kitu. Takwimu za miinuko atazipata bure, kwa kuwa chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliipima kwa rada sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia katika siku 11 za Februari 2000. Lakini vipimo hivyo ni vya mita 30 kwa mita 30. Kati ya nukta moja na nyingine kompyuta hulazimika kukisia, na kukisia kwake ni kulainisha. Kilima cha Mlimwa kitaonekana. Korongo lenye upana wa mita 5, ambalo mtoto wa Ntyuka hulijua kwa sababu limewahi kumzuia kwenda shule, halitakuwapo.

Tatizo la pili lina kichekesho ndani yake. Mji wa Dodoma uko kwenye mwinuko wa mita 1,120 hivi kutoka usawa wa bahari, ilhali nafasi ya miinuko katika mchezo huo ni mita 1,024 tu, kuanzia chini kabisa hadi kilele cha mlima mrefu. Dodoma haiingii. Mwanafunzi hulazimika kutoa mita mia kadhaa kutoka kila nukta ya ramani, na kwa hesabu hiyo moja ya kutoa, uwanda wa juu wa kati huteremshwa hadi karibu na usawa wa bahari. Waliowahi kufundisha historia ya usanifishaji wa Kiswahili huenda wakatabasamu hapa, kwa maana lugha nayo iliwahi kufanya hesabu ya aina hiyo: ilisanifiwa kwa msingi wa Kiunguja, ikaendelea kuipimia nchi nzima kutoka ufukweni, na kila kilicho ng'ambo ya minazi kikaitwa bara.

Hata hivyo kasoro kubwa kuliko zote haipo katika miinuko bali katika maji. Katika Cities: Skylines mchora ramani huweka chemchemi mahali fulani, na chemchemi hiyo hutoa maji kwa kiwango alichokipanga, Januari hadi Desemba. Mto ni mto siku zote. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kinachoitwa mto katika uwanda huu aghalabu ni njia ya mchanga inayongoja, na kinachoitwa nchi kavu huenda mwezi Februari kikawa ziwa la kimo cha goti. Hakuna mraba wa kati baina ya maji na nchi kavu katika hesabu ya mchezo. Lugha za uwanda, kinyume chake, zina maneno mengi kwa ajili ya mraba huo huo.

Neno mbuga ni mfano wa kutosha. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, alipoonyesha katika miaka ya 1930 jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mfuatano kutoka kileleni hadi bondeni, alikuta neno hilo likitumika na akaliingiza katika sayansi: mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi ulio chini kabisa ya mfuatano huo, ambao maji hutuama juu yake wakati wa masika na ambao hupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kwa hiyo neno moja la silabi mbili lilibeba mwinuko, rangi, aina ya udongo, majira, na onyo kwa mjenzi. Wataalamu wa udongo bado wanalitumia hivyo. Katika Kiswahili cha mjini neno lilo hilo limekuwa mahali pa kwenda kutazama wanyama kwa tiketi. Korongo limebaki na bahati nzuri zaidi, ingawa baadhi ya wanafunzi, wakiulizwa, humtaja ndege kwanza. Lambo, bwawa dogo la kunyweshea mifugo ambalo ni neno lililopanda kutoka lugha za bara, halitajwi sana darasani, ijapokuwa katika Dodoma na Singida lambo likikauka ni habari kubwa kuliko uchaguzi.

Ni haki kukiri kwamba watengenezaji wa michezo hawalali. Cities: Skylines II, uliotoka mwaka 2023, huchora maji yaliyo chini ya ardhi kuwa mojawapo ya rasilimali za ramani, nalo ni jambo jema, maana Dodoma kwa miaka mingi imekunywa maji ya visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, yasiyoonekana katika ramani yoyote ya kawaida. Mchezo umelikaribia jambo hilo kwa njia ya hesabu. Hata ukilifikia, hautakuwa na neno la kuliitia.

Huenda msomaji akauliza kuna madhara gani, maadamu ni mchezo. Swali hilo lingekuwa zito kama ardhi ya uwanda huu isingekuwa imekwisha kuchezewa kwa namna iyo hiyo, tena kwa fedha za kweli. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitumwa kutoka Uingereza kuikagua Tanganyika na nchi jirani kwa ajili ya kilimo kikubwa cha karanga, ukaimaliza kazi katika majuma machache, sehemu kubwa ya ukaguzi ikifanywa kutoka katika ndege. Ukachorwa mpango wa mashamba 107, kila moja likiwa na ekari 30,000. Yafaa kuitafakari takwimu hiyo. Hakuna nchi duniani ambayo kwa asili yake imegawanyika katika vipande 107 vya ekari 30,000. Vipande hivyo ni miraba, na miraba huwapo kwenye karatasi. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Udongo wa Kongwa, ambao mvua ikikatika hukauka ukawa kama sakafu, ulivunja vyuma vya matrekta na kuzishikilia karanga chini ya ardhi, na mvua yenyewe haikufika kama ilivyotarajiwa. Mnamo Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo, ikiwa imepoteza pauni milioni 36 hivi. Sehemu ya ardhi hiyo imekuwa ranchi ya ng'ombe, yaani imerudi kwenye kazi ambayo mfugaji yeyote wa Kigogo angeitaja kama angeulizwa.

Mpango wa Dodoma si Kongwa, na ingekuwa dhuluma kuviweka katika kapu moja. Mnamo Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu yahamishiwe Dodoma. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka uo huo, na mpango kamili ukakamilishwa mwaka 1976 na Project Planning Associates, kampuni ya Toronto, Kanada. Wachoraji hao waliitazama sura ya nchi kwa makini kuliko michezo yote iliyotajwa hapa. Vilima havikusawazishwa, mji ulipindishwa kuvifuata. Majengo yalikusudiwa yawe mafupi na mitaa iwe ya watu wanaotembea kwa miguu, kwa kuambatana na fikra za ujamaa za wakati huo. Isitoshe, walikuwa na maandiko ya kitaalamu ya kutegemea: mwaka 1972 Anders Rapp na wenzake walikuwa wamechapisha utafiti wa mmomonyoko katika maeneo manne karibu na mji, yaani Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, ulioonyesha kwamba mabwawa yalikuwa yakijaa mchanga kwa kasi ambayo uhai wake ungehesabiwa kwa makumi machache tu ya miaka. Ardhi ya Dodoma hutembea. Ramani ya mchezo husimama palepale hadi mchezaji aiguse. Ramani ya Dodoma hubadilika kila masika bila ya kuguswa na mtu.

Walichokosa si vipimo. Walikosa majina, au tuseme hawakuyahesabu majina kuwa vipimo. Ushahidi uko midomoni mwa wakazi hadi leo. Dodoma ina sehemu ziitwazo Eria A, Eria C na Eria D. Majina hayo hayawezi kuwa yametoka mahali popote isipokuwa kwenye meza ya mchora ramani, ambaye aliweka herufi ili aweze kuandika ripoti yake, naye hakufikiria kwamba mtu angezaliwa, angeolewa na kuzikwa katika herufi. Upo mtaa uitwao Mlimwa C, ambao kwa mwanaisimu ni kielelezo kizuri cha mgongano wote huu: nusu ya kwanza ni kilima, nusu ya pili ni faili. Upo pia mtaa wa Kisasa, jina ambalo linaeleza wakati na halielezi mahali. Katikati ya mji kuna Uhindini na Majengo, majina ya Kiswahili yenye historia nyingine, ya watu na kazi zao. Na Chang'ombe, ambayo jina lake linanukia mifugo, ilikua nje ya mpango mpaka ikawa eneo kubwa la makazi yasiyopimwa. Kwamba mahali mpango uliposhindwa ndipo jina la namna hiyo liliposhika si jambo la kufanyia nadharia kubwa, lakini si la kupuuza pia.

Majina ya Kigogo yenyewe hayana vurugu kama mgeni anavyodhani. Kiambishi cha ngeli ya 7, ambacho katika Kiswahili ni ki-, katika Kigogo ni chi-, nacho chaonekana wazi katika Chimwaga, Chihanga na Chinangali. Majina mengine yameanza na i-, kama Ipagala, Iyumbu na Ihumwa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa mofolojia angeweza kuyapanga majina haya kwa ngeli katika juma moja, kisha akawauliza wazee maana ya mashina yake, na kwa kazi hiyo ndogo akapata ramani ya mimea, miamba na maji ambayo hakuna satelaiti iliyowahi kuipiga picha.

Taabu ni kwamba majina hayo yanaharibika hata kabla ya kuulizwa. Kigogo kina nazali sighuna, sauti ambazo Kiswahili hakina, na maandishi ya kiserikali hayajakubaliana namna ya kuziandika. Eneo ambalo Chuo Kikuu cha Dodoma kilijengwa baada ya kuanzishwa mwaka 2007 limeandikwa Ng'ong'ona, Ng'hong'onha na Nghonghonha, kutegemea ni karatasi gani inayosomwa. Kwa msomaji wa kawaida hayo ni makosa ya tahajia. Kwa kompyuta, ambayo haijui kwamba mahali ni pamoja, ni vijiji vitatu. Ritifaa nayo ikikutana na programu isiyoipenda huondolewa kimyakimya, na jina likitoka upande wa pili halitamkiki na Mgogo wala Mswahili. Mji wa Serikali ulizinduliwa Mtumba mnamo Aprili 2019, lakini taarifa za miezi iliyotangulia zilikuwa zikiutaja kwa jina la Ihumwa. Mpaka baina ya majina hayo mawili ulikuwa ukijulikana na wenyeji kabla ya wizara yoyote kuhamia. Wengine walijifunza baada ya majengo kusimama.

Kuna hoja mbili ambazo wapinzani wa mtazamo huu huenda wakazitoa, na zote zina uzito. Ya kwanza ni kwamba jina hudumu baada ya sababu yake kutoweka, kama Mill alivyosema, na kwa hiyo kumwamini mtoa jina ni kuiamini hali ya nchi ya miaka mia iliyopita. Ni kweli. Kijito cha tembo leo kimezungukwa na nyumba. Lakini maji ya masika huwa hayasomi hati za viwanja. Reli ya kati, katika sehemu ya Gulwe hadi Kilosa inakofuata mto Kinyasungwe na Mkondoa, ilisombwa na mafuriko mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, na safari zikasimama kwa miezi. Mto huo ni ule ule ambao mtu akiutazama mwezi Septemba huona mchanga. Jina lililozeeka huenda likawa na kosa. Ramani isiyo na jina haina hata kosa la kusahihishwa.

Hoja ya pili ni ya kisiasa, nayo ni nyeti zaidi. Dodoma ni mji mkuu wa taifa lote. Watu 765,179 waliohesabiwa katika jiji hilo mwaka 2022 si Wagogo watupu, na ipo hofu ya haki kwamba kuyatukuza majina ya kabila moja ni kurudisha mambo ambayo Kiswahili kilisaidia kuyatuliza. Wanaotoa hoja hii husahau kwamba Kiswahili hakijawahi kukua kwa kufuta. Kilipokea lambo na hakikupungukiwa. Jina la Kigogo likitamkwa na Mchaga, Mha na Mzaramo kila siku kituoni halibaki kuwa mali ya kabila. Linakuwa jina la Kiswahili lenye asili ya Kigogo, sawa na jinsi sahani ilivyo neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu. Herufi A, C na D hazimilikiwi na kabila lolote, lakini upweke wake haujawa umoja wa kitaifa.

Kuna jambo la haraka hapa. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa mwaka 2017, Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, na tangu hapo upimaji wa viwanja umekwenda kwa kasi ambayo haikuonekana katika miaka 40 iliyotangulia. Kijiji kinapopimwa hupata namba za vitalu na namba za viwanja. Kilima kitabaki na jina lake kwa sababu kinaonekana. Korongo, chemchemi ya msimu, kipande cha mbuga nyuma ya kanisa, mwamba walipokuwa wakianika mtama, vyote hivyo vina majina ambayo hayamo katika ramani yoyote na yanajulikana na watu wenye umri wa kutosha kuwa walichunga mbuzi hapo kabla ya uzio. Mzee mmoja wa Iyumbu au Nala hubeba majina mengi kuliko kabati la ramani.

Ndiyo maana vijana wanaochora ramani za michezo hawapaswi kudharauliwa na idara za Kiswahili; wanapaswa kutafutwa. Wana ujuzi ambao idara hizo hazina: wanajua kuchukua takwimu za rada, kuzikata, kuzishusha hadi mita 1,024 na kuzifanya zionekane. Wanachokosa ni kile ambacho idara inacho, yaani mbinu za kumhoji mzee, kuandika nazali sighuna kama ilivyotamkwa, na kutenga kiambishi na shina. Tasnifu ya uzamili juu ya majina madogomadogo ya mahali katika kata moja tu, kila jina likiwa na vipimo vyake vya latitudo na longitudo, sauti ya mtamkaji, majira ambayo jina hilo lina maana, na istilahi ya Kiswahili inayolingana nalo, si kazi kubwa kuliko tasnifu nyingine ya kuhesabu sitiari katika riwaya moja. Orodha hiyo ingeweza kupachikwa juu ya picha ile ya kijivu ya pikseli 1,081, na kila tarafa ikapata jina lake kabla mchezaji hajaweka barabara ya kwanza.

Kazi ingeweza kuanzia Ng'hong'onha, kwenye mteremko ulio chini ya mabweni ya chuo, ambako wanafunzi hupita kila siku kwenda kununua chakula. Korongo wanalolivuka huwa na maji kwa majuma machache tu. Lina jina, na wako wachache ambao bado wanalitaja.